Neno la juma hili: port

Assalamu alaikum jamaa zangu. Juzi mwenzetu anayefanya kazi bandari ya Kilindini, Mombasa, alisoma kwenye fomu kwamba mzigo ulioroa uko "port side". Akaenda kuutafuta ubavu wa meli ulioegemea gati. Kumbe ni ubavu wa kushoto, ukisimama tezi, yaani nyuma ya chombo, ukatazama omo, yaani mbele, hata meli ikiwa katikati ya bahari.

Msimlaumu, maana chanzo ni hilo hilo gati. Zamani meli za kaskazini mwa Ulaya zilifungwa kasia la usukani ubavu wa kulia. Lisije likavunjika, walitia nanga kwa kuegemeza kushoto, ndipo upande huo ukaitwa wa bandarini. Kabla yake waliuita larboard, na kulia starboard. Hebu yatamkeni yote mawili kwa sauti, kisha mfikirie upepo wa kusi unavuma na nahodha anapiga kelele! Mwaka 1844 jeshi la majini la Uingereza likaamuru larboard liachwe.

Port ya bandari yatokana na Kilatini, portus. Port ya tundu la kompyuta ni kutoka porta, mlango, nduguye portus. Mvinyo uitwao port nao umepata jina kwa mji wa Porto, kule Ureno, kwa hao hao walioanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593.

Jumamosi saa kumi jioni tukutane ufukweni Mama Ngina. Kila mmoja aje na neno la chombo alilolisikia kwa wazee wake, nami nitayaandika daftarini.