Yah: Miche ya Parachichi ya Hass Ambayo Haikubebeshwa

Kwa Meneja Mauzo,

Habari za kazi. Naandika kwa heshima, ingawa kwenye kaunta yenu heshima sikuiona.

Miche ya parachichi mliyoniuzia, mitatu ya aina ya Hass na mmoja wa Fuerte, ilikuwa na kibao "imebebeshwa", yaani kikonyo cha mti bora kimeunganishwa kwenye shina la mche wa kokwa. Nimeipanda nyuma ya nyumba hapa Moshi. Nilipofungua mkanda wa nailoni usije ukakaba shina, kwenye Hass zote tatu sikukuta kovu la kuunganishia. Shina limenyooka, laini, tangu kwenye udongo hadi kileleni. Mmezungushia nailoni miche ya kokwa, mkaiuza kwa bei ya iliyobebeshwa!

Nikang'oa mmoja, nikauleta na risiti. Kijana wenu hata hakuinama kuutazama. Mbele ya wateja akasema: "Mama, wewe umezoea mchicha, Hass waachie wenye mashamba." Watu wakacheka.

Mnajua fika kwamba mche uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, na wa kokwa unaweza kupita miaka saba ukila mbolea tu, na tunda lake halifuati mama. Fuerte niliichukua kwa sababu maua yake hupokea chavua mchana, saa zilezile Hass inapoitoa, na asubuhi mambo hugeuka. Sasa itasaidiana na nani?

Na siku ya kununua ni kijana huyohuyo aliyenionyesha nailoni kwa kidole: "Hapa ndipo palipobebeshwa, mama, usifungue mpaka pashike."

Narudia, Meneja, maana limenikaa kooni. Nimesimama na mche mkononi, udongo unanidondokea viatuni, namwonyesha shina lisilo na kovu, ananiambia nirudi kwenye mchicha. Dada wa risiti alicheka mpaka akajifunika uso kwa kitabu. Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu.

Siku ile nilitaka kubadilishiwa miche tu. Sasa sitaki tena miche yenu. Nataka fedha yangu yote, Fuerte ikiwemo, pamoja na nauli na gharama ya samadi. Na kijana aniombe radhi pale pale kaunta, wateja wakisikia.

Nawapa siku saba. Zikipita, risiti, picha za mashina na nailoni yenyewe vinakwenda TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, na Tume ya Ushindani. Nami nitasimama nje ya geti lenu, nimwambie kila anayeingia afungue nailoni kabla hajalipa.

Mteja wenu,
Moshi