Ulimi Unawaka na Kiko Kinachemka? Tuanze na Tumbaku Yenyewe

Malalamiko tunayoletewa zaidi hapa karakanani Arusha ni haya: "Kiko hiki kina kasoro. Nikivuta kidogo tu ulimi unawaka, na chini kunatokota kama kuna maji." Tunakipokea, tunachomoa mrija, tunachungulia bori, yaani pale panapojazwa tumbaku, halafu tunapitisha waya kwenye tundu. Mara nyingi kiko ni kizima kabisa. Hakijapasuka, tundu liko wazi. Ndipo tunapouliza: unavuta nini humu? Jibu huwa ni kopo alilotumiwa na mtoto aliyeko Uingereza, au lililonunuliwa uwanja wa ndege wa Dubai. Ndani yake mna tumbaku nyeusi iliyochanganyika na ya kahawia na ya njano, inayonuka kama samaki aliyebanikwa kwa moshi.

Wengine hudhani imeoza. Haijaoza. Huo ndio mchanganyiko wa Kiingereza wa mtindo wa zamani, na unavutwa tofauti na tumbaku tamu za vanila au cheri ambazo wengi walianza nazo. Kabla hujalipia matengenezo usiyoyahitaji, soma kwanza haya.

Tuseme jambo moja wazi, kwa sababu tunaulizwa. Sisi tunatengeneza na kusafisha viko, tumbaku hatuuzi. Kiko si njia salama ya kuvuta, hata usipoingiza moshi mapafuni: saratani ya midomo, ya kinywa na ya koo ni hatari ya kweli, na nikotini hukuteka bila hodi. Kama huvuti, usianze kwa sababu ya makala hii. Wapo wateja wetu ambao hawajawahi kuwasha hata siku moja. Wamerithi kiko cha babu na wanataka king'ae kabatini, nao tunawahudumia vilevile. Aliye chini ya miaka 18 hatumhudumii, hata akisema katumwa na baba.

Sasa turudi kwenye kopo.

Mkulima wa tumbaku wa Tanzania ana faida hapa, maana msamiati wake unatosha kueleza karibu kila kilichomo. Ile ya njano na ya rangi ya machungwa ni Virginia, tumbaku ya mvuke, ndugu wa ile inayolimwa Urambo, Kaliua na Chunya. Hukaushwa ndani ya mabani, yaani majumba ya kukaushia tumbaku, kwa joto linalopita kwenye mabomba, moshi usiguse jani, hivyo sukari hubaki ndani. Ile ya kahawia yenye vipande vidogo ni ya Mashariki: Uturuki, Ugiriki, Makedonia. Majani yake ni madogo na huanikwa juani. Ukiona kwenye kopo majina kama Izmir, Samsun au Xanthi, ndiyo hiyo. Ina uchachu kidogo na harufu ya viungo, na watu wengi huikosa kwa sababu wanavuta haraka.

Ile nyeusi ndiyo inayotisha watu. Inaitwa Latakia, kwa jina la bandari ya Syria. Siku hizi karibu yote hutoka kisiwa cha Cyprus. Ni jani la aina hiyohiyo ya Mashariki, lakini baada ya kukauka hutundikwa ghalani na kufukizwa kwa wiki nyingi juu ya moto wa kuni na vichaka vyenye harufu, kama misonobari na mihadasi, mpaka linakuwa jeusi. Moshi ule ndio unaobaki kwenye ndevu, kwenye mapazia, na kwenye kanga za mama mwenye nyumba ambaye hakuulizwa.

Wengi hawaamini tukiwaambia kwamba Latakia, pamoja na harufu yake yote, ni tumbaku pole. Nikotini yake ni ndogo. Mtu akipata kwikwi au kizunguzungu kwenye mchanganyiko kama huu, aangalie kitu kingine kilichomo, au jinsi anavyovuta. Vilevile msijaribu kuigiza Latakia kwa tumbaku ya moshi ya Songea. Tumewaona waliojaribu. Ni kweli zote mbili hupitia moshi, lakini ile ya Songea na Namtumbo ni jani zito lenye nikotini nyingi. Ukiikatakata na kuijaza kwenye kiko kama ilivyo, utakaa chini bila kupenda.

Mtindo wenyewe ulikomaa London. Mfanyabiashara wa tumbaku na viko, Alfred Dunhill, alifungua duka lake Duke Street mwaka 1907, na mteja aliweza kuchanganyiwa tumbaku kwa matakwa yake. Mchanganyiko uliandikwa kitabuni kwa namba, ili akirudi apimiwe uleule. Namba 965 iliishia kuwa kopo la kila mtu na bado inauzwa. Makopo mengine yalipewa majina yanayoelekeza saa ya kuvuta: Early Morning Pipe ina Latakia kidogo, ya asubuhi, Nightcap ni nzito, ya kulalia. Tumbaku za kiko zenye jina la Dunhill zilisimamishwa mwaka 2018, na nyingi kati ya hizo sasa zinapatikana kwa jina la Peterson, chapa nyingine ya viko na tumbaku. Tunalitaja hili kwa sababu kuna wanaouziwa kopo la zamani kwa bei ya kutisha wakiambiwa kwamba halipatikani tena duniani. Uliza kwanza.

Na kopo la zamani si lazima liwe bora. Virginia hunoga ikikaa miaka, lakini Latakia hupoa taratibu. Ukirithi kopo la mzee lililofungwa tangu enzi zake, tegemea kitu laini na tamu zaidi kuliko alichovuta yeye. Kabla ya kulifungua, angalia kutu kuzunguka mfuniko. Kutu ikishatoboa, hewa imeingia, na utakuta vumbi kavu au ukungu. Ukungu wenye manyoya na harufu ya stoo yenye unyevu, tupa kopo zima. Usijaribu kuchambua.

Kiini cha tatizo: unyevu

Kwa kawaida tumbaku hutoka kiwandani ikiwa na unyevu kuliko inavyopaswa kuvutwa. Inakaa vizuri koponi hivyo, lakini ukiijaza moja kwa moja kwenye kiko, unachovuta ni mvuke wa moto. Mvuke ndio unaobabua ulimi, na mvuke huohuo ukipoa kwenye mrija ndio maji unayoyasikia yakitokota. Halafu, kwa kuwa tumbaku mbichi huzimika kila mara, unavuta kwa nguvu ili isizime, moto unapanda, mvuke unaongezeka. Hapo hata kiko cha bei gani hakikusaidii.

Juzi mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alikuja na malalamiko hayo. Tulimwomba atoe kopo lake. Tukachukua tumbaku kidogo, tukaibana kati ya kidole gumba na cha shahada, tukaachia. Ikabaki imegandamana, na alama ya kidole juu yake. "Hii bado, mzee. Ikifaa, ukiiachia inajifungua yenyewe polepole, lakini haipukutiki."

Tukaitandaza juu ya karatasi nyeupe isiyo na wino, mbali na dirisha. Yeye akapewa chai. Kila baada ya muda anainuka, anaibana, anarudi kukaa. Ilipofika mahali vipande vya njano vinatoa mlio mdogo vikivunjwa na vyeusi bado vinapinda, tukamwambia ajaze. Alivuta kiko chote bila kulalamika, akauliza mbona hakuna aliyewahi kumwambia.

Kwa hapa Arusha nusu saa hadi saa moja hutosha wakati wa kiangazi. Masika mambo hubadilika, na wateja wetu wa Tanga, Dar es Salaam na Unguja wanajua kwamba hewa ya pwani hairuhusu kitu kukauka kwa raha. Huko tandaza kiasi cha kiko kimoja tu, kwa tabaka jembamba, uvumilie. Usianike juani na usiweke juu ya jiko. Jua hukausha upesi mno, na ile harufu ya viungo ya tumbaku ya Mashariki ndiyo inayoondoka kwanza. Kopo lenyewe likishafunguliwa, hamishia tumbaku kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana.

Kujaza hakuna siri kubwa. Dondosha tumbaku bila kushindilia mpaka bori lijae, bonyeza kidogo, ongeza, bonyeza tena kwa nguvu kidogo zaidi. Vuta kabla hujawasha. Hewa ikigoma, mwaga uanze upya. Usijidanganye kwamba moto utafungua njia. Washa kwa kiberiti cha njiti, ukisubiri kidogo baruti ya kichwani iishe kuungua. Moto wa kwanza hufanya tumbaku ivimbe na kunyanyuka, nayo huzimika. Ndivyo inavyotakiwa. Laza majivu taratibu kwa kijiti cha kushindilia, washa mara ya pili.

Kisha punguza mwendo. Ukishika bori na likakuunguza mkono, kiweke chini kipoe. Kikizima, kimezima, washa tena; hakuna anayekuhesabia. Ukienda taratibu utaona mchanganyiko unabadilika: mwanzoni moshi wa Latakia unafunika kila kitu, katikati uchachu wa Mashariki unajitokeza, na kuelekea chini utamu wa Virginia ndio unaotawala. Wanaovuta mbiombio hupata ladha moja tu, ya kuungua, halafu wanasema tumbaku hizi za wazee zilisifiwa bure. Robo ya mwisho ikiwa na unyevu na uchungu, iache. Si lazima umalize.

Na mrija usiuchomoe kiko kikiwa cha moto. Kuvunjika kwa ulimi wa mrija, ile ncha nyembamba inayoingia kwenye shingo ya kiko, ndiyo kazi ya matengenezo tunayoipokea kuliko zote, na karibu kila mara chanzo ni hicho.

Kiko kinapokumbuka

Ukishavuta Latakia kwenye kiko cha brayari, mti mgumu unaotumika kutengenezea viko vingi, mti huo unabaki na harufu yake. Jaza tumbaku nyingine nyepesi kesho yake, utaonja ya jana. Ndiyo maana tunashauri anayependa michanganyiko hii awe na kiko cha pembeni kwa ajili yake, na akipumzishe siku moja au mbili kabla ya kukivuta tena. Kiko kinachovutwa asubuhi, mchana na jioni hakikauki, na kiko kisichokauka hunuka, hata ungekisafisha vipi.

Tukiletewa kiko kilichojaa harufu ya zamani, kwanza tunapunguza ukoko wa masizi ndani ya bori tukibakiza tabaka jembamba, kama unene wa sarafu. Ukoko mwingi hupanuka kwa joto na unaweza kupasua mti. Baada ya hapo tunajaza pamba, tunadondoshea spiriti safi inayofaa kunywewa, tunaiacha usiku kucha. Asubuhi pamba inatoka rangi ya kahawa. Tunarudia mpaka itoke nyeupe. Wengine hutumia chumvi badala ya pamba. Sisi hatuipendi, punje zinabaki kwenye tundu. Spiriti ya taa ile ya zambarau usiitumie kamwe, ni sumu. Konyagi inasaidia kidogo tu, maji ni mengi mno humo. Mrija wa ebonaiti, yaani mpira mgumu mweusi, uliogeuka kijani au njano tunausugua kwa msasa mwembamba wenye maji, kisha tunaung'arisha. Ladha chungu ambayo watu huilaumu tumbaku, mara nyingine inatoka hapo.

Tahadhari kubwa ni kwa wenye viko vya chapa ya Kiko, vile vyenye alama ya tembo vilivyotengenezwa hapahapa Arusha. Vingi vina mirishamu ndani ya bori, lile jiwe jeupe jepesi lililochimbwa Sinya, upande wa Longido, karibu na Amboseli. Vingine vimevikwa ngozi kwa nje. Mirishamu haihitaji ukoko kabisa. Ukivuta, ngoja ipoe, futa ndani kwa karatasi laini, basi. Tunaletewa viko hivi vikiwa vimekwanguliwa kwa kisu cha jikoni, na bitana ya jiwe imemeguka vipande viwili vitatu. Ufa mdogo tunaweza kuuziba. Iliyopukutika hatuwezi kuirudisha, na mawe yake hayapatikani dukani. Kwa michanganyiko ya Latakia viko hivi ni vizuri sana, kwa sababu jiwe halishiki harufu kama mti na lenyewe hunyonya unyevu.

Ukituletea kiko, kilete kikiwa kimepoa na kimemwagwa majivu, pamoja na mrija wake hata kama umevunjika, na kipande kilichokatika kama unacho. Usikitie gundi kwanza. Leta na tumbaku kidogo unayovuta, tuibane pamoja kabla ya kuzungumza bei. Tukiona tatizo ni unyevu tu, hulipi kitu. Usafi wa kawaida huchukua siku tatu hivi, masika zaidi kidogo, kwa sababu na sisi viko vyetu tunavikausha kwenye hewa hiyohiyo.