Gavana si bosi, ni mshika usukani

Mhariri,

Wiki hii nimeona tena katika gazeti lako gavana akiitwa "bosi wa kaunti". Neno hilo linanikera, na naomba nafasi nieleze sababu.

"Bosi" tumelipata kwa Waholanzi. Wao husema baas, yaani bwana mwenye kazi. Wahamiaji wao walilifikisha Marekani, likaingia katika Kiingereza, nasi tukalipokea. Kule Afrika Kusini, enzi za ubaguzi wa rangi, baas ndivyo mfanyakazi mweusi alivyotakiwa kumwita mwajiri wake mzungu. Sioni kwa nini tumpe jina hilo mtu tuliyepanga foleni kumpigia kura.

"Gavana" limetoka mbali zaidi, tena limetoka majini. Wagiriki wa kale walikuwa na kitenzi kybernan, kuongoza chombo kwa usukani. Warumi wakakigeuza kuwa gubernare, na mshika usukani wakamwita gubernator. Wafaransa wakailainisha b ikawa v, ndipo Waingereza wakalichukua. Hata mwaka 1948 Norbert Wiener, alipotafuta jina la elimu ya namna mashine na viumbe wanavyojiongoza, alirudi kwa nahodha yule yule wa Kigiriki, akaiita saibanetiki.

Sisi wa ziwani neno hili tunaliishi kila siku. Nina mashua ya omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, hapa Dunga. Jioni vijana wakiingia ziwani na taa zao, mshika usukani huketi tezi, nyuma kabisa, ili awaone wenzake wote, nyavu, na wimbi linalokuja. Mashua ni yangu, nyavu ni zangu, petroli natoa mimi. Chake yeye ni ujuzi wa kuipenyeza kwenye gugumaji gizani na kuirudisha salama. Alfajiri tunakaa ufuoni tunahesabu: makarai mangapi, petroli imebaki kiasi gani, nyavu zimechanika wapi. Mwaka jana mmoja aliniletea hesabu isiyoeleweka mara tatu mfululizo. Nikampa mwingine usukani, na hakuna aliyeshangaa, hata yeye mwenyewe.

Wasafiri wa matatu kati ya Nakuru na Kisumu nao wanalijua neno hili kwa njia yao: spidi gavana, kile kifaa cha kuzuia gari lisipite kilomita 80 kwa saa, ambacho kanuni za marehemu John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, zilikishurutisha mwaka 2004. Nacho kina ukoo wa zamani. Mwaka 1788 James Watt aliifunga injini ya mvuke mipira miwili mizito inayozunguka. Injini ikizidisha kasi, mipira inatanuka na kuubana mlango wa mvuke. Ikilegea, mipira inashuka na mlango unafunguka. Gavana huyo wa chuma yupo ili mwendo usizidi wala usipungue.

Najua lipo doa. Hadi 1963 gavana wa Kenya aliteuliwa London na kuwajibika London, na huenda ndiyo maana wengi wetu bado tunasikia ubwana ndani ya neno hili. Lakini Katiba ya 2010 ililirudisha kwa sura nyingine. Tangu 2013 kaunti zote 47 zina gavana aliyechaguliwa na wenyeji, na Ibara ya 1 ya Katiba hiyo hiyo inasema mamlaka kuu ni ya wananchi wa Kenya. Mwenye mashua yuko ufuoni, anasubiri hesabu.

Ombi langu, Mhariri, ni waandishi wako waandike "gavana" tu, au "mkuu wa kaunti" wakitaka kubadilisha maneno. Na watakapokuja kwenye vikao vya wananchi kuhusu bajeti, wasiondoke na hotuba ya jukwaani pekee. Wangoje maswali yaulizwe, waandike yule mama muuza samaki ameuliza nini, na kama amejibiwa.

Mwenye mashua,
Dunga, Kisumu