Doti moja ya kanga, bei tano

Wiki hii mteja wa duka letu aliyeko Copenhagen, Denmark, ametuuliza, kwa upole lakini kwa uchungu, mbona doti ile ile aliyonunua mdogo wake wa Luxembourg yeye tumemtoza zaidi. Anastahili jibu lililonyooka.

Doti yetu ni yuro 20 kabla ya kodi, popote ulipo. Kinachobadilika ni VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya nchi mzigo unakopokelewa. Luxembourg ni asilimia 17, unalipa 23.40. Ujerumani 19, unalipa 23.80. Hapa kwetu Uholanzi 21, inafika 24.20. Denmark na Sweden 25, yuro 25 kamili. Hungary, inayoongoza kwa asilimia 27, ni 25.40. Nyongeza hiyo haibaki dukani hata senti moja. Tangu Julai 2021, mauzo ya duka yakizidi yuro 10,000 kwa mwaka katika nchi nyingine za Umoja wa Ulaya, duka hutoza kodi ya kule aliko mteja. Sisi tunajaza ritani (taarifa ya kodi) moja hapa kila miezi mitatu, na fedha hugawiwa hazina za nchi zenu.

Wengi hudhani Brussels, makao makuu ya Umoja wa Ulaya, ndiyo inayopanga yote. Ushuru wa forodha, ndiyo: kontena lishuke Rotterdam, Uholanzi, au Hamburg, Ujerumani, kiwango ni kile kile. Lakini kwenye VAT, Umoja umeweka kima cha chini tu, kiwango cha kawaida kisipungue asilimia 15. Kupanda juu ya hapo ni uamuzi wa kila nchi, na kanuni yenyewe haibadiliki mpaka nchi zote 27 zikubali. Wenye biashara ya kahawa mnalijua hili la kila nchi kujiamulia kodi: Ujerumani inatoza kodi ya kahawa ya yuro 2.19 kwa kila kilo iliyokaangwa, kisha VAT juu yake. Uholanzi kodi hiyo haipo.

Hesabu hizi zinatula usiku mwingi, lakini naona ni haki. Anayelipa kodi Denmark awe na mbunge wa Denmark wa kumuuliza imekwenda wapi. Hata nyumbani ndivyo ilivyo: Afrika Mashariki ina ushuru wa pamoja wa forodha tangu 2005, ila kiwango cha kawaida cha VAT ni 16 Kenya na 18 Tanzania.

Kuanzia sasa risiti zetu zitaonyesha bei ya doti mstari wake, na kodi mstari wake, pamoja na jina la nchi inayoipokea.