Siku za rufaa zinakwisha

Nairobi, Jumanne usiku

Shoga yangu,

Assalaam aleikum. Hujambo wewe, watoto hawajambo, na goti la mama limepoa? Sisi huku wazima, ila baridi inatutesa. Najua nimenyamaza tangu arusi ya Mwanahawa na una haki ya kuninunia, lakini ninunie baadaye, kwanza nisome.

Yule kijana wa Mama Kahawa amefungwa, na amefungwa huko huko kwenu pwani.

Alipanda basi baada ya kuambiwa kuna kazi ya kupakua mizigo. Kwenye kizuizi akatoa karatasi yake ya kuomba hifadhi, akaambiwa hiyo ni kopi, haina maana. Kufika mahakamani, kifungu cha 53 cha Sheria ya Uraia na Uhamiaji, kuwepo nchini bila kibali. Na aliyesimama kumtafsiria, shoga, ni mahabusu mwenzake mwenye Kiamhari cha kuungaunga, na kijana wetu ni Muoromo wa Ethiopia, Kiamhari chenyewe kinampita. Kila alichoulizwa akaitikia. Wakaandika amekiri kosa. Faini ambayo hata tukiuza mikufu yetu hatuifikii, au miezi sita jela, na akitoka arudishwe kwao. Kwao ndiko alikokimbia! Ombi lake halijajibiwa hadi leo. Nani ameamua kwamba huko hana la kuogopa?

Nimekaa na jambo hili silali. Wewe ndiye uliyenisomesha ile kesi ya Adan ya mwaka 1973, kwamba mashtaka asomewe mtu kwa lugha anayoielewa, majibu yake yaandikwe kwa maneno yake mwenyewe iwezekanavyo, kisha asomewe maelezo ya tukio na apewe nafasi ya kuyakana. Hapa kipi kilifanyika? Na Ibara ya 50 ya Katiba inampa mkalimani bila kulipa hata senti. Mkalimani, si mahabusu aliyeamrishwa asimame.

Nimejaribu huku. Wakili mmoja alitaka elfu thelathini kabla hajaliona jalada, tukamchangia nusu, sasa simu haishiki. Akina mama wamekasirika vibaya, Bi Zeinabu anataka kwenda kumkalia ofisini na birika lake, na akisema hivyo unajua atakwenda. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inamtaja mkimbizi kati ya wanaostahili kusaidiwa, lakini huyu bado anasubiri jibu, naogopa tutaambiwa hajawa mkimbizi. Kwa hiyo... ndiyo maana nakuandikia wewe.

Uliniambia umechoka. Kwamba kesi hizi hazina mwisho, leo unashinda, kesho serikali inaamka na amri nyingine. Siku ile sikukujibu, ila nimelifikiria sana. Ni kweli. Desemba 2012 wakimbizi wote wa mijini waliamriwa kwenda kambi za Dadaab na Kakuma. Wale wa shirika la Kituo cha Sheria wakaenda mahakamani, na Julai 2013 Jaji Majanja, Mungu amrehemu, akaifuta amri ile. Haukupita mwaka, Aprili 2014, mtaa wa Eastleigh hapa Nairobi ukapigwa msako, watu wakajazwa uwanja wa Kasarani. Mwaka 2016 ikatangazwa Dadaab inafungwa, na Februari 2017 Jaji Mativo akasema ni kinyume cha Katiba. Mwaka 2021 wakarudi tena na tangazo la kufunga kambi zote mbili. Inachosha, naona. Lakini Dadaab ipo hadi leo, na Mama Kahawa bado anauza kahawa yake hapa chini ya ngazi zetu. Kama wale waliofungua kesi ya kwanza wangechoka, angekuwa wapi?

Na zile zilikuwa kesi za maelfu ya watu, hata magazeti yaliandika. Huyu ni mmoja tu. Kwenye jalada hata jina lake wamelikosea. Asiposimamiwa na mtu, atapandishwa gari la mpakani na hakuna atakayejua.

Rufaa ni siku 14, na zinakwisha Ijumaa ijayo. Mimi nadhani kukiri kule hakusimami kabisa, ila wewe ndiye wakili. Tuombe rufaa, au tuandikie Mahakama Kuu kuomba marejeo, iipitie upya hukumu kwa haraka? Unaweza kwenda gerezani Alhamisi umwone? Kusimamisha amri ya kumrudisha kunahitaji ombi lake peke yake? Yule mwenzako wa Malindi bado anazichukua kesi za bure, na anaweza kukusaidia? Huko kuna Muoromo wa kuaminika wa kutafsiri, au nimtume mpwa wa Mama Kahawa kwa basi la usiku? Na nauli yako na ada za kufungua ombi, nikuchangie kiasi gani?

Karatasi yake halisi ninayo mimi, ilikuwa chini ya godoro. Nimeipiga picha pande zote mbili, utaipata kwa simu asubuhi pamoja na nambari ya jalada. Nipigie hata saa nane za usiku, nitapokea.

Wako,
Mama Salma