Kidonda cha mguu na chemba ya oksijeni: soma kabla hujauza kiwanja

Wateja wa hapa Ngamiani wakishasikia habari za chemba ya oksijeni, swali ni moja: "Mnayo?" Hatunayo. Kazi yetu ni kusafisha na kufunga vidonda. Ila anayetaka kuifuata tiba hiyo mbali ajue kwanza anakwenda kufanyiwa nini.

Unaingia kwenye chemba, inafungwa, shinikizo linapandishwa hadi kama mara 2 au 2.5 ya lile la kawaida, huku ukivuta oksijeni tupu. Hewa hii tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 tu. Kwa shinikizo lile oksijeni huyeyuka kwa wingi kwenye maji ya damu, ikafika kwenye nyama iliyokuwa inaikosa. Mtungi na barakoa ya nyumbani havifui dafu hapo. Kila awamu ni dakika 90 hadi 120, na mara nyingi awamu hufika 30 au 40. Nauli na malazi piga hesabu mwenyewe.

Masikio huziba kama unavyoteremka na basi kutoka Lushoto. Sukari inaweza kushuka, kwa hiyo hupimwa kabla. Na kwa hofu ya moto, simu, kiberiti, marashi na mafuta ya nazi haviingii humo. Mama zetu wa Tanga, hapo pana mtihani!

Lakini chemba haizibui mshipa wa damu ulioziba. Mguu ukiwa wa baridi, vinyweleo vimepukutika, kigimbi kinabana ukitembea na kuachia ukisimama, nenda hospitali ya Bombo ukaonwe na daktari, mtiririko wa damu upimwe kwanza.

Vidonda vingi tunavyopokea havijafika hatua ya kuhitaji chemba. Ni kisukari, ganzi na kandambili: mzee anakanyaga msumari asisikie, mpaka mjukuu aone usaha sakafuni. Huyo anahitaji nyama iliyokufa iondolewe, mguu upumzishwe uzito, sukari ishuke, sigara iachwe. Chemba hufikiriwa kidonda kikiwa kimechimba ndani, pengine kimegusa mfupa, na matunzo mazuri ya mwezi mzima hayajakisogeza. Hata hapo, tafiti nyingine zimeona faida, nyingine hazikuona.

Ukija kwetu, njoo na daftari la kliniki ya sukari na viatu unavyovaa kila siku; tunavikagua hadi ndani. Kidole kikiwa cheusi, kidonda kinanuka au una homa, usije kwetu. Nenda hospitali leo hii.