Risala ya klabu ya redio kwa mgeni wetu wa heshima, Kisumu

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi mlioacha shughuli zenu mkaja, na nyinyi wanafunzi wenzetu, hamjambo nyote. Sisi wanaklabu wa redio tuna furaha kubwa sana leo, mzee wetu, juu tangu tuambiwe mgeni atakuwa ni mtangazaji aliyeshika maiki tangu enzi za santuri, hakuna kingine kimezungumzwa kwa klabu, na mwalimu mlezi wetu akatuambia tusikuandikie sifa tupu, tukueleze tumesoma nini kuhusu kazi yenu na tunakuomba nini. Basi ndiyo hii risala yetu.

Redio Kenya ilianza 1928 kule Nairobi, na wakati huo haikuwa ya babu zetu, ilikuwa ya walowezi wasikie habari za kwao Uingereza. Vita vya pili vya dunia ndivyo vilifanya lugha za Waafrika zipate nafasi ya maana hewani, juu vijana wengi walikuwa wamepelekwa vitani na watu wa nyumbani walikuwa wanataka kujua kunaendelea nini. Uhuru ukaja, 1964 serikali ikaifanya iwe Sauti ya Kenya, ile wazee wetu bado wanaita VOK, halafu 1989 jina likabadilishwa likawa KBC, yaani Shirika la Utangazaji la Kenya. Hapa Kisumu VOK ilikuwa na studio yake na watu wa huku walitangaziwa kwa lugha zao, na mitambo ya Maseno ikawa inasukuma sauti mpaka vijiji vya mbali. Lakini kwa hiyo miaka yote redio ndani ya nchi ilikuwa moja tu, ya serikali. Mwanamuziki wa Siaya ama wa Kakamega akirekodi wimbo na hiyo redio isiupige, hakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Ila wazee wetu wanaipenda hiyo redio moja mpaka leo na tumejaribu kuelewa ni kwa nini. Jibu tulilopata kila nyumba tuliyouliza ni salamu. Mtu alinunua kadi ya salamu dukani, akajaza majina ya shemeji, ya mama mkwe, ya rafiki aliyesoma naye, ya jirani aliyehamia Nakuru, akachagua wimbo, akaposta, halafu anakaa karibu na redio siku baada ya siku akingoja jina lake litajwe. Kuna watu walijulikana nchi nzima kwa kutuma salamu tu, hawajawahi kuimba wala kucheza mpira. Tukaona kwamba muziki ulikuwa ni njia ya watu kutafutana, na mtangazaji ndiye alikuwa katikati akibeba hayo majina yote.

Halafu kuna hii ya santuri, mzee, tungependa uwaeleze wenzetu wewe mwenyewe maana sisi tumeishika moja tu kwa mikono, ya mzazi mmoja wa hapa Kondele. Ni ndogo, nyeusi, katikati ina tundu kubwa, na karatasi yake ya jina imechubuka mpaka inasomeka nusu. Wimbo wa benga, ule muziki wa gita wa Wajaluo, ulikuwa mrefu kuliko upande mmoja, kwa hivyo ulikatwa, sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili ule mwingine, na raha yenyewe ya benga iko huko upande wa pili, mwimbaji amenyamaza, gita zinakimbizana, besi inaruka chini yake. Sasa mtangazaji akipiga upande wa kwanza akaishia hapo, watu wamekaa tu na hamu. Ilibidi ageuze sahani haraka ama awe na nakala mbili kwa mashine mbili, na hapo tukaelewa kwamba hata kugeuza sahani kulikuwa ni ujuzi, mtu alijifunza, si kubonyeza kitufe.

Mambo yakabadilika miaka ya tisini. Serikali ilianza kulegeza kamba, na 1996 Capital FM ikaingia hewani Nairobi kwa masafa ya 98.4, stesheni ya kibinafsi, Kiingereza, muziki mwingi wa ng'ambo. Kwa mara ya kwanza vijana walisikia redio ya hapa inayoongea kama wanavyoongea wao wakiwa wenyewe, sauti ni safi, hakuna ule mvumo. Sheria ya mawasiliano ya 1998 ikaleta tume ya kugawa masafa, na kuanzia hapo stesheni zikafunguka moja baada ya nyingine. Mwaka wa 2000 Kameme ikaanza na Kikikuyu, na wale waliokuwa wanasema lugha ya mama haiwezi kulipa mishahara wakanyamaza. Ramogi ikaja kwa Wajaluo, Mulembe kwa Waluhya, KBC nayo ikawa na Mayienga hapa hapa Kisumu, Osienala wale wa kutunza ziwa wakaanzisha Radio Lake Victoria, Nam Lolwe ikafuata, na Bungoma wakapata West FM.

Hapo ndipo muziki wa huku ulipata nyumba, na hii tunasema bila kusita. Benga iliyokuwa inangojea zamu yake kwa redio ya taifa sasa ilianza kupigwa asubuhi, mchana, na usiku, kwa matatu za kwenda Ahero, kwa vinyozi, kwa mama mboga pale Kibuye. Watu walishangaa kusikia nyimbo walizodhani zimekufa. Tukumbuke kwamba huu muziki ulikuwa umeshafika mbali bila sisi kujua, mpaka Zimbabwe watu wanauita kanindo, kwa sababu ya Oluoch Kanindo aliyekuwa anauza hizo santuri huko, wakati nyumbani kupata saa moja ya kuupiga ilikuwa ni kubembeleza. D.O. Misiani, mwimbaji wa benga ambaye nyimbo zake ziliwahi kumtia ndani, alifariki kwa ajali ya barabara hapa Kisumu Mei 2006, lakini leo ukizungusha kitufe cha kutafuta stesheni Jumapili mchana huwezi kumkosa.

Tuliuliza pia hii FM yenyewe inafanyaje kazi, juu kuna wenzetu wanapenda fizikia. Mawimbi ya kati, yale ya zamani, yanafuata ardhi na usiku yanarudishwa chini na anga, ndio maana mtu wa Busia aliweza kushika redio ya mbali sana gizani. FM yenyewe inaenda moja kwa moja, kati ya megahezi 87.5 na 108, ikikutana na mlima inakwama. Kwa hivyo mlingoti lazima upandishwe juu ya kilima, na ndio sababu ukitoka Kisumu kwa basi kwenda Nairobi stesheni yako inaanza kukwaruza halafu inapotea, inabidi utafute namba nyingine ya mji unaoingia. Ramogi na Mulembe studio zao ziko Nairobi, sauti inatumwa mpaka milingoti ya huku. Sisi tunafurahi kuzisikia lakini pia tunasema wazi, mzee, tungetaka kijana wa Nyalenda ama wa Manyatta anayetaka kuwa prezenta asilazimike kwanza kutafuta nauli ya Nairobi.

Sasa kuna jambo linatuuma. Prezenta wengi siku hizi wanapiga wimbo mpaka unaisha bila kusema ni wa nani. Kompyuta imepanga nyimbo, moja inaingia nyingine inatoka, tangazo la biashara linakatia katikati, na gita ya pili ambayo mtu alikesha akiitafuta inakatwa hapo hapo. Nyinyi mlisoma jina la mwimbaji, la bendi, hata la kijiji. Kwetu sisi kutaja jina la aliyeimba ni haki yake ya kwanza kabla hata ya pesa, na klabu yetu imeweka hiyo kuwa sheria, hakuna wimbo unapigwa kwa kipindi chetu cha wakati wa chakula bila jina kusemwa.

Kuhusu klabu yenyewe hatutakuchosha. Tuna chumba kilichokuwa stoo, ukutani tumebandika trei za mayai na blanketi ili sauti isirudi, tuna maiki moja, kompyuta moja ya shule, na spika mbili zinazosikika mpaka uwanjani. Tumeanza kurekodi wazee wakieleza redio ya zamani. Wengi wana kaseti kwa sanduku, kanda zimeshikana kwa joto na unyevu wa ziwa, nyingine ukiziweka kwa mashine zinakatika, na hizo kaseti wakati mwingine ndizo nakala pekee ya kipindi kilichowahi kutangazwa, maana hata kwa stesheni nyingi kanda zilifutwa zikarekodiwa juu.

Ombi letu la kwanza ni rekoda ndogo nzuri na mashine ya kaseti inayoweza kuunganishwa na kompyuta, ili tuzihamishe hizi sauti kabla hazijaharibika. La pili, utuombee kwa wenzako wa stesheni za hapa mjini watupokee studioni wakati wa likizo, hata kama ni kukaa kimya pembeni tukiangalia. La tatu ndilo tunalitaka zaidi. Tumesikia bado una kaseti za vipindi vyako nyumbani. Tunaomba utuazime, tutazichukua wenyewe, tutazinakili na kukurudishia kila moja ikiwa kwa jalada lake, na tarehe na majina ya nyimbo tutayaandika ukituelekeza wewe. Mwalimu mlezi amekubali kusimamia, na kama unaruhusu tuko tayari kuanza Jumamosi hii.

Asante sana na karibu tena kwetu.

Ni sisi,
Wanachama wa Klabu ya Redio